Kabla ya kugawa parseli kwenye mdomo wa Ruzizi, tuulize udongo

Tangu maji ya Tanganyika yalipoanza kupanda mwaka 2020, kuna neno moja ambalo kila mtu hapa kwetu analitumia: ziwa limetuvamia. Utalisikia Kalundu, utalisikia Kavimvira, na ukivuka mpaka utalisikia Gatumba kwa ndugu zetu wa Burundi. Uchungu ulio ndani ya neno hilo ninauelewa. Mtu aliyejenga nyumba yake tofali kwa tofali kwa miaka kumi, halafu akaona mawimbi yanaingia saloni, hatumuombi aongee kwa upole. Lakini neno lenyewe si la kweli, na mimi naona linatudhuru. Mvamizi ni yule anayeingia mahali pasipo pake. Ziwa limerudi mahali lilipokuwa zamani, na ushahidi uko chini ya miguu yetu.

Ninaandika haya kwa sababu ya jambo ambalo haliwezi kungoja. Familia zinazokimbia vita, kutoka milima ya juu ya Uvira na Itombwe, kutoka Fizi, kutoka bonde la Ruzizi, zinaendelea kutafuta mahali pa kulaza watoto. Kila zinapofika, ardhi iliyo wazi na ya bei rahisi ni ileile: tambarare karibu na mdomo wa mto, karibu na ziwa. Udongo ni laini, hauna mawe, jembe linaingia bila taabu, maji ya kuchota yako karibu. Mtu anakuja na karatasi, shefu wa kartie anapiga muhuri, miti minne inasimikwa, na familia imepata parseli. Hakuna anayeuliza ardhi hiyo ilitoka wapi.

Tuulize basi.

Ruzizi inatoka Bukavu, kwenye ziwa Kivu lililo karibu mita 1,460 juu ya bahari, na inaingia Tanganyika ambayo iko chini kwa karibu mita 700. Mteremko huo wote mto unaushuka kwa safari isiyofika kilomita 120. Maji yanapotoka Kivu ni maangavu, maana ziwa lile limeshatua tope lake ndani. Tope linaingia njiani: linaletwa na mito ya upande wetu kama Luvubu, Luberizi na Sange, na ya upande wa Burundi kama Kaburantwa na Mpanda. Kila mvua kubwa mlimani inavua udongo wa shamba la mtu, na udongo huo unaanza safari ya kushuka.

Mto ukiwa na kasi unabeba karibu kila kitu. Ukifika ziwani unakutana na maji yaliyosimama, na nguvu inaisha. Kile kizito kinatua kwanza, kokoto na mchanga mnene. Mchanga mwembamba unafuata. Tope laini linasogea mbele zaidi, na ule udongo mwembamba kama unga wa muhogo unaelea mbali kabla ya kuzama. Mama anayepeta mchele anaijua kazi hiyo: punje inarudi kwenye ungo, pumba inakwenda na upepo. Kwa hiyo ukikuta mchanga mnene unajua mto ulikuwa hapo karibu na ulikuwa na nguvu. Ukikuta udongo mwembamba, wa kijivu, usio na chembe ya mchanga, unajua hapo palikuwa na maji marefu yaliyotulia. Namna ile ardhi ilivyolala inaonyesha kina cha maji ya siku ilipolala.

Ndivyo delta inavyojengwa. Mto unamwaga mbele yake, unatengeneza nchi mpya, halafu nchi hiyo inauzuia. Unapasua njia nyingine. Ndiyo sababu Ruzizi haina mdomo mmoja: karibu na ziwa inagawanyika kuwa Ruzizi Kubwa na Ruzizi Ndogo, na katikati ni matete, mafunjo, viboko na mamba. (Habari za mamba Gustave kila mtu anazijua, sitaongeza.) Mto kuhama huko chini si ugonjwa. Delta iko hivyo, leo hapa, kesho kule. Miti minne tuliyosimika haiujulishi mto kwamba sasa kuna parseli.

Wakaaji wa Uvira waliusoma mto huu zamani. Mwaka 1858 Wazungu wawili, Burton na Speke, walifika hapa wakitaka kujua kama Ruzizi inatoka ziwani au inaingia. Waliambiwa na wenyeji, wana wa mtawala wa hapa, kwamba inaingia. Wakubwa wa Ulaya hawakutosheka, wakabishana miaka mingi, mpaka Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji kuja kuona kwa macho. Inaingia! Miaka kumi na mitatu kuthibitisha jibu lililokwisha kutolewa ufuoni. Ninalitaja kwa sababu hata leo tunangoja mtaalamu atoke mbali atuambie jambo ambalo mzee anayechimba visima kwenye kartie yetu amelijua tangu ujana wake.

Wataalamu nao wana yao ya kutufundisha, na juu ya kina cha zamani wametufundisha mengi. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 pale palipo parefu zaidi. Katika dunia nzima ni Baikal tu, kule Urusi, lenye kina kikubwa kuliko hilo. Huku kaskazini kwetu sakafu inashuka polepole, juu ya mchanga na tope la Ruzizi. Mwaka 1946 na 1947 Wabeljiji walizunguka ziwa wakipima kina, na ramani iliyotengenezwa na André Capart ilionyesha kitu cha ajabu: chini ya maji kuna mabonde yanayoendelea kutoka kwenye midomo ya mito, kana kwamba mito inatembea chini ya ziwa.  Inawezekana kwamba zamani pale palikuwa pakavu.

Baadaye Wamarekani walikuja na chombo kinachopiga sauti ndani ya maji na kusikiliza mwangwi wake kutoka kwenye matabaka ya tope chini. Mwaka 1988 Christopher Scholz na Bruce Rosendahl waliandika katika gazeti la Science kwamba zaidi ya miaka 25,000 iliyopita maji ya Tanganyika na ya ziwa la Malawi yalikuwa chini kuliko leo kwa mita 250 hadi 500. Fikiria hilo ukiwa umesimama ufuoni Uvira jioni, wavuvi wanapowasha taa za ndagala. Sehemu kubwa ya pale wanapotega palikuwa nchi kavu. Mto ulipita hapo, na mvua ilinyesha juu ya majani. Na tope lote lililojikusanya chini ya ziwa hili tangu lizaliwe, katika sehemu nyingine lina unene wa kilomita kadhaa.

Ruzizi nayo haikuwa hivi siku zote. Volkano za Virunga ziliziba njia ambayo maji ya Kivu yalikuwa yanapita kwenda kaskazini. Kivu likajaa mpaka likafurika upande wa kusini, karibu miaka 10,000 iliyopita, na Ruzizi ikapata maji ambayo haikuwa nayo. Delta tunayoijua leo ina alama ya maji hayo.

Mtu atasema: hizo ni habari za miaka elfu, zinanihusu nini mimi niliyefika juzi kutoka mlimani na mkeka na sufuria mbili? Ni swali la haki. Tuje karibu.

Mlango wa pekee ambao maji ya Tanganyika yanatokea ni mto Lukuga, pale Kalemie. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 alikuta mlango umezibwa na tope na mafunjo, na ziwa lilikuwa linapanda. Kule Ujiji sehemu ya ufuo aliouona mwaka 1871 ilikuwa imeingia majini. Karibu na mwaka 1878 kile kizuizi kilivunjika. Hore, mmisionari Mwingereza aliyeishi Ujiji, alipokwenda kuangalia mwaka 1879 alikuta maji yanatoka kwa nguvu. Kabla karne haijaisha ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita 10.

Mita 10 ni nyumba ya ghorofa tatu. Kwenye ukingo wa mawe hiyo ni alama tu juu ya jabali. Kwenye delta ni jambo lingine. Fanya hesabu: ardhi ikishuka mita 1 kwa kila mita 500 za kutembea, maji yakipungua mita 10 yanaacha wazi kilomita 5. Na maji yakipanda mita 2 tu, yanarudi ndani kilomita 1. Ndiyo sababu Gatumba inalia zaidi kuliko watu wa pwani za miamba kule Fizi.

Kwa hiyo babu zetu waliofungua macho karibu na mwaka 1900 walikuta ukanda mpana wa nchi laini na tupu, wakadhani ndivyo ulivyo. Wazee wao wangewaambia kwamba mitumbwi ilipita hapo. Wajerumani walianzisha kituo chao Usumbura, ambayo ndiyo Bujumbura ya leo, katika miaka hiyohiyo ya ziwa kushuka. Miji yetu ya pwani ilikua juu ya sakafu ambayo maji yalikuwa yameiacha karibuni. Mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za mwanzo wa miaka ile, ziwa lilipanda tena na kuwatoa watu. Likashuka, watu wakasahau, watoto wa waliohama wakauza parseli kwa wageni. Mwaka 2020 likaanza tena.

Siku maji yanapopanda kila mtu anaona na kila mtu anakimbia. Mimi naogopa zaidi siku yanaposhuka. Hapo ndipo ardhi inatoka ikiwa imesafishwa, tambarare kama meza, na watu wenye mihuri wanaamka mapema. Wapo wanaosema dawa ni kuifungua Lukuga vizuri ili ziwa lishuke. Sina ugomvi nao, kazi hiyo ifanyike kama wahandisi wanaona inafaa. Ila ziwa likishuka nusu mita kwa sababu ya Lukuga, ni nani atawazuia kuuza hiyo nusu mita? Swali hilo sijalisikia likiulizwa kwenye mkutano wowote.

Mpaka hapa nimesema ziwa. Mito mifupi ya mji wetu ni habari kali zaidi. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira zinashuka kutoka milima ya Mitumba ghafla, bila kupata tambarare ndefu ya kupumzikia. Mto wa namna hiyo hauchagui sana kama Ruzizi. Unakuja na mawe, miti, mchanga na tope pamoja, na unavitupa vyote pale mlima unapoishia, kwa umbo la ungo ulioinama. Mji wa Uvira kwa sehemu kubwa umekaa juu ya nyungo hizo. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 Mulongwe ilikumbuka njia zake za zamani, na makumi ya watu walikufa. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, kwenye pwani ya ziwa Kivu, na zaidi ya watu 400 walizikwa, bila kuhesabu wale ambao hawakuonekana tena. Bushushu na Nyamukubi ziko mahali pa aina ileile: nchi nzuri, yenye rutuba, iliyoletwa na mto kutoka mlimani, mafuriko baada ya mafuriko.

Ninajua kuna watakaosema mwandishi huyu anataka tufukuzwe. Hapana. Yule mama aliyetoa franga zake za mwisho kununua parseli karibu na mdomo wa mto hana kosa. Alinunua alichouziwa, kwa bei aliyoweza, akiwa na watoto na hofu. Mwenye kosa ni aliyeuza akijua, na aliyepiga muhuri bila kwenda kuangalia. Tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ya nchi hii ni ya Serikali. Basi Serikali isijifanye mgeni siku maji yanapofika mlangoni.

Tena delta haifai kuachwa. Ule udongo ulioletwa na mito ndio unaotoa mpunga, mahindi na mboga, ndio uliotoa miwa ya Kiliba. Familia iliyohama inahitaji shamba, na shamba zuri liko chini. Wapewe kulima chini, lakini walale juu zaidi. Najua juu kabisa mlimani nako ardhi inaporomoka, hasa pale miti ilipoisha, na kila shamba jipya kwenye mteremko linaongeza tope huku chini. Wataalamu waliochunguza pwani za mawe za ziwa hili mwaka 1993, Andrew Cohen na wenzake, walionyesha kwamba pale tope linapofunika mawe aina za viumbe zinapungua. Kwa hiyo sisemi panda mlima. Kati ya mlima na tope kuna nchi iliyoinuka kidogo, ambayo maji ya 1964 hayakuifikia na ambayo haiko kwenye njia ya korongo. Si kubwa na ina wenyewe. Serikali na mashirika yanayosaidia wahami watalazimika kukaa na hao wenyewe, kujadiliana, na kulipa. Hema kwenye mchanga wa bure huonekana rahisi mpaka usiku mmoja wa mvua.

Kuna jambo lingine ambalo halisubiri mafuriko: choo. Kwenye udongo wa delta ukichimba mita 2, mara nyingi unakutana na maji. Choo kinajaa kutoka chini, kisima cha jirani kiko hatua chache, na wote tunajua Uvira ni mji ambao kipindupindu kimeuzoea kwa miaka mingi. Hakuna dawa wala ndoo ya klorini itakayobadilisha urefu wa maji chini ya kambi. Hilo linaonekana siku ya kwanza kabisa, kama kuna mtu atachimba.

Ndiyo maana ninaomba jambo dogo. Kabla ya muhuri, lichimbwe shimo la mita 2, na wachimbaji wa visima na vyoo waitwe waseme wanaona nini. Mawe ya kila ukubwa yaliyochanganyika na tope bila mpangilio: hapo korongo lilishuka kwa nguvu, na linaweza kushuka tena. Mchanga wa mistari mistari, kila mstari na ukubwa wake: hapo mto ulipita. Udongo mweusi wenye mizizi ya matete na harufu ya kuoza: hapo palikuwa kinamasi. Udongo wa kijivu mwembamba wenye magamba ya konokono wa ziwa, umelala kama kurasa za kitabu: hapo palikuwa sakafu ya Tanganyika. Shimo moja halitoshi, kwa maana magamba hata watu huyabeba, na mchanga unaweza kuletwa na lori la mtu aliyejenga. Yachimbwe matatu au manne, kutoka ufuoni kwenda ndani. Na pembeni ya shimo aitwe mzee mmoja aliyekuwa mtu mzima mwaka 1964, maana bado wapo wachache, aonyeshe kwa fimbo maji yalifika wapi. Hapo pawekwe nguzo ya saruji yenye mwaka, ili mtoto wa shule aisome.

Kadasta watasema hawana fedha ya kazi hiyo. Wanaume wawili wenye majembe wanalimaliza shimo la mita 2 kwenye udongo laini kwa asubuhi moja, na malipo yao hayafiki bei ya karatasi ya parseli. Kulitazama kunachukua nusu saa. Mvua zinarudi Septemba, na miti mipya imeshaanza kusimikwa huko chini.